Fundi Jora Apunguza Kiuno

Jumatatu, 3 Machi

Kilo mia moja na tatu! Nilimwambia daktari mizani yake ina hitilafu. Akapanda yeye. Sitini na mbili. Akashuka, akasema mizani ni nzima. Kijana mdogo, ndevu zenyewe za kuhesabu.

Akaendelea kunipa habari njema. Magoti hayana ugonjwa, yamechoka tu kunibeba. Presha iko juu. Kiuno sentimita mia na kumi na nne, na kwa mwanamume wa miaka hamsini na tatu hiyo ni hatari. Nile kidogo, nitembee sana, nirudi tarehe ishirini na mbili. Nisipopungua, vidonge maisha yote.

Ningeyapuuza kama si mambo ya kazini. Karakana yetu ya ushonaji inahamia ghorofa ya tatu wiki ijayo. Bosi amesema meza ya kukatia itakwenda juu, chini kitabaki kijichumba cha vifungo na kupokea wateja. Anayeona ngazi zitamshinda aseme mapema, atapewa vifungo. Hakumtaja mtu. Alilitazama tumbo langu tu.

Miaka ishirini na miwili nimekata vitambaa kwenye ile meza. Hakuna suruali iliyotoka pale isiyopita mkononi mwangu. Leo nihesabu vifungo? Msaidizi wangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, ameshaanza kuweka mkasi wake upande wangu wa meza. Ndiye aliyenibandika jina la Jora, eti nimeviringika kama jora la kitambaa. Jina likanasa. Hata wateja wananiita Fundi Jora.

Mke wangu hakucheka nilipomweleza ya daktari. Alisema huamka usiku kusikiliza pumzi zangu. Nikamwambia anayekoroma yuko hai. Akasema anaogopa ninapoacha kukoroma, na hapo huhesabu mpaka nianze tena. Siku moja alifika ishirini na sita.

Sikujua hilo. Nimeamua kupungua.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza. Asubuhi yai moja na chai isiyo na sukari. Nikajiona mtu mpya kabisa mpaka saa nne.

Saa nne nikanywa chai ya kazini. Hiyo haihesabiki, kila mtu hunywa. Mkate nao ulikuwepo pale pale.

Mke wangu amekuja na utaratibu wake. Kila Jumamosi atanipima kiuno na kuandika kwenye kalenda ya jikoni. Ameshaandika 114 kwa kalamu nyekundu. Shemeji yangu, dada yake, alipita kuchukua sufuria, akaisoma, akauliza hiyo ni bei ya nini.

Alhamisi, 6 Machi

Njaa. Nimekata kola tatu za shati nikiwaza nyama.

Usiku wa jana nilijipima mwenyewe chooni. Mia na kumi na nne na nusu. Siku tatu za mateso na nimeongezeka! Haki iko wapi?

Leo wakati wa kupanga vitu vya kuhama nikaiokota tepu yangu ya zamani chini ya droo. Ni ya kitambaa, ya kupimia wateja, niliiacha kwa sababu ilikuwa imevutika. Nikailaza kando ya rula ya chuma. Kila mita imezidi kwa sentimita tano na nusu. Nikajifunga kiunoni. Mia na nane na nusu.

Nilikaa kwenye kiti nikafikiri. Huu si udanganyifu. Ni kumpa mgonjwa moyo, na mgonjwa ni mimi. Mke wangu akiona namba imeshuka atalala usingizi. Nami nikiona amelala nitapata ari ya kupungua kweli. Kupungua kwenyewe kutafuata tu, hakuna haraka.

Nimejiongezea pia ukanda wa suruali sentimita nne, ili inilegee hadharani.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu alinipima kabla ya chai. Nilimpa tepu kwa mkono wangu. Mke wa fundi hana tepu yake, yangu ndiyo yake. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Mia na nane na nusu.

Nilitegemea ataniuliza maswali. Hakuuliza. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akasema ahsante. Kisha akaandika kwenye kalenda na kumpigia simu dada yake. Nilimsikia akisema mume wangu mwenyewe, kwa siku tano tu, na suruali inamvuka.

Nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya mpaka mchana, aliponipikia kuku mzima wa kunipongeza. Kumkatalia ingekuwa kumvunja moyo.

Jumatatu, 10 Machi

Tumehama. Vidato hamsini na moja. Nimevihesabu kimoja kimoja, vingine mara mbili.

Kupanda kwa mkupuo siwezi. Baada ya kidato cha kumi na tano magoti yanalia, na moyo unagonga mpaka masikioni. Nilipofika juu Sindano alikuwa ameshapiga pasi mashati manne. Akaniuliza kwa upole kama nilipitia sokoni.

Lakini mimi sikuzaliwa jana. Mtu akisimama ngazini anahema, huyo mgonjwa. Akisimama anasoma tangazo, huyo mfanyakazi makini. Wakati wa chakula niliandika matangazo matatu na kuyabandika, moja kila mahali ngazi zinapokata kona. La kwanza juu ya moto. La pili juu ya usafi. La tatu nimelifanya refu kwa sababu hapo ndipo ninapochoka zaidi, nikalipa kichwa: Utaratibu wa Kushuka na Kupanda.

Jioni nilipoteremka kumchukulia Bosi kifurushi na kurudi, nilipanda kama waziri anayekagua mradi. Nikasoma yote matatu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Jumatano, 12 Machi

Bosi ameuliza nani kabandika matangazo. Kila mtu akatazama dari. Sindano akasema hajui, ila Mzee Jora anayapenda sana, la tatu amelisoma mara sita tangu jana na anasogeza midomo. Bosi akayabandua kwa mkono wake. Akasema kwenye la usafi nimekosea tarehe.

Kwa hasira niliamua kuonyesha nani fundi. Imeingia kazi kubwa, suruali arobaini za walinzi wa kampuni moja, za haraka. Sindano aliomba tugawane. Nikamwambia apige pasi. Vipimo vililetwa na kampuni vimeshaandikwa, nikachora pateni mwenyewe, nikakata mwenyewe, tabaka kumi kumi, mkasi ukilia vizuri. Mikono hainenepi. Bosi alisimama nyuma yangu dakika nzima na hakusema kitu, na Bosi asiposema kitu ameridhika.

Ijumaa, 14 Machi

Balaa.

Walinzi walikuja saa tatu kujaribu suruali, wakajipanga chini kwenye kijichumba cha vifungo. Mkuu wao, mtu mwenye kifua na sauti, alivaa ya kwanza. Akamsalimia Bosi kwa saluti. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye paji la uso, wa kushoto ukabaki umeshikilia kiuno. Nyuma yake walinzi sita, wote wameshikilia viuno. Mmoja alikanyaga pindo la mguu wake akadondokea kapu la vifungo.

Nikasema kwa sauti kwamba walinzi siku hizi hawali vizuri. Mkuu akanitazama.

Bosi hakubisha. Alininyooshea kiganja, akaitaka tepu iliyokuwa shingoni mwangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu Jumamosi naivaa shingoni, nimeizoea, nimesahau kwamba ni ya nyumbani. Bosi akailaza kando ya rula ya chuma mbele ya watu wote. Akauliza chombo hiki kilikuwa na kazi gani.

Nikasema ukweli. Sikuwa na uongo wa karibu. Walinzi walicheka mpaka wakaachia suruali.

Hukumu ya Bosi: suruali zote arobaini nizipunguze mimi. Walinzi watakuja kumi kila siku, kesho, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Mlinzi anapimwa chini, cherehani iko juu. Nichukue moja, nipande, niipunguze, niteremke nimvishe, ndipo nichukue nyingine. Sindano asaidie kwa kuzipandisha zilizokwisha kukubaliwa, zikapigwe pasi. Nikishindwa hata siku moja, meza ni ya Sindano na mimi nihamie kwenye vifungo.

Sindano alikuja kuchukua vipimo vya meza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepanda mara kumi. Siandiki zaidi.

Ila hili lazima niliandike. Bosi alimpigia simu mke wangu. Nilimkuta jikoni mbele ya kalenda, amekata ile 108 na nusu kwa mstari mmoja. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema wiki nzima amelala bila kuhesabu, kwa sababu ya ile namba. Alisema mimi nilifanya mzaha na kiuno, lakini yeye alikuwa anapima kama atabaki na mume.

Nimeona aibu. Nilitaka kumwambia samahani, nikasema nimechoka. Baadaye nilimfuata uani alikokuwa anaanika nguo, nikamwambia samahani. Akanipa upande wa pili wa shuka nishike.

Jumanne, 18 Machi

Safari thelathini zimetimia. Chakula nimekosa muda. Chai ya saa nne imenipita siku mbili mfululizo, nimeisikia tu harufu ikinipita ngazini. Jana kwenye safari ya nane nilijikuta juu na sikukumbuka kusimama kwenye kona ya tatu. Nikarudi chini kuhakikisha.

Habari tamu ya leo ni Sindano. Ameketi kwenye kidato cha ishirini na tisa, suruali mbili magotini, anakohoa sigara zake zote za miaka kumi. Nilimpita nikipanda. Nilimpita nikishuka. Nikipanda tena nikamwuliza kwa upole kama anapitia sokoni.

Jumatano, 19 Machi

Suruali ya arobaini ilikuwa ya mkuu wa walinzi. Ilimkaa barabara. Akapiga saluti kwa mkono mmoja na wa pili ukawa huru. Bosi akasema meza ni yangu, na kwamba tepu za kitambaa ni marufuku karakana nzima. Nikashukuru kwa kuinamisha kichwa. Nilikuwa karibu kulia, nikasingizia vumbi la kitambaa.

Jumamosi, 22 Machi

Kwa daktari, na mke wangu kanisindikiza. Alileta tepu mpya, ameinunua yeye, bado iko kwenye karatasi yake.

Kilo mia moja kamili! Kiuno mia na kumi na moja. Presha imeteremka. Daktari alinikunja magoti, akasema hayana mlio. Akauliza nimetumia dawa gani. Mke wangu akajibu kabla yangu, akasema suruali arobaini. Daktari akasema basi ngazi zile ndizo tiba yangu, nizipande kila siku bila kuacha, na ndani ya mwaka nitasahau kama nina magoti. Mke wangu alinishika mkono kutoka pale mpaka nyumbani. Amesema juzi na jana nilikoroma moja kwa moja, bila kukatika, na hajapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Nimejipongeza kwa keki. Mbili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ndogo.

Sasa nikiwa na akili iliyotulia, naona jambo ambalo hakuna aliyeliona. Ngazi zile ni kupoteza nguvu za watu. Majora yanabebwa mgongoni mpaka juu kama hatuna maarifa. Nimemshauri Bosi tufunge kapi na kamba nje ya dirisha, pamoja na kapu kubwa imara, mizigo yote ivutwe. Amekubali, amesema kwa mara ya kwanza nimefikiri kitu cha maana. Sindano atakuwa anavuta, mazoezi yatamfaa kifua.

Dirisha nimelipima, lina upana wa kutosha mtu kuingia kwa ubavu. Kapi tayari nimelichagua, litafungwa Jumatatu asubuhi. Limeandikwa ubavuni kwamba mwisho wake ni kilo mia moja. Ndiyo maana nasema daktari yule amenisaidia sana. Mwanzoni mwa mwezi lisingenibeba.