Mheshimiwa wa Namba Kumi na Nane

Ilitangazwa, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba dhoruba ya sumaku ya dunia iliyotarajiwa Alhamisi haitambuliwi na Idara ya Mawasiliano, kwa kuwa haikuwasilisha maombi kwa wakati.

Mama Mitambo, mwendesha redio wa idara kwa miaka ishirini na mbili, aliusoma akaguna. Kosa lake lilikuwa moja tu. Aliandika kwamba jua limechafukwa, na dhoruba ikivuruga ionosfia, lile tabaka la juu linalorudisha mawimbi ya redio chini, namba kubwa za masafa ya redio zitatoboa zipotelee hukohuko. Akashauri wote wahamie namba saba.

"Saba ni ya madereva wa malori!" Mkurugenzi alifoka. "Mimi ni kumi na nane. Unataka nikae na matingo?"

"Mheshimiwa, anga haijui cheo."

Weee! Kwa neno hilo akaandikiwa barua, na kikao cha kumfukuza kazi kikapangwa Ijumaa. Waraka wa pili ukafuata: marufuku kupokea sauti ya kiongozi kwenye namba ya madereva bila kibali chenye saini ya Mkurugenzi mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi akafunga safari, yeye na usukani wake, kwenda kituo cha mbali kuthibitisha kuwa anga ni shwari. Saa nane mchana kumi na nane ikafa kabisa. Karani wa zamu akaandika: "Hali ni nzuri. Hakuna aliyelalamika."

Mama Mitambo roho haikutulia. Njia ile ina mto, na mvua ilishanyesha. Akawasha saba kimyakimya. Saa kumi sauti ikaja.

"Haloo! Gari limezama mpaka madirishani! Niko juu ya paa! Ni mimi!"

"Mimi nani, baba?"

"Mkurugenzi!"

Njia nzima madereva wakaongeza sauti za redio zao.

"Pole sana, Mheshimiwa. Kibali chenye saini yako kiko wapi?"

"Nitasaini wapi huku, mama? Waraka nimeufuta! Na barua yako nimeifuta! Na kikao!"

"Rudia taratibu, madereva wanaandika."

Akarudia, herufi kwa herufi.

"Tumeandika, mama," akajibu dereva wa lori la nondo. "Niko karibu naye, nina kamba. Ila mwambie mbele kumejaa. Nafasi iko nyuma, na matingo."

Redio ikakwaruza kidogo.

"Sawa, ndugu yangu," alisema Mkurugenzi. "Waambie wasogee."