Ukutani Hawawekwi Walio Hai

Jumatatu, 6 Machi 1995
Daktari Lukman amefungua zahanati yake binafsi hapa Ilemela. Siku hizi ruksa, kila mwenye uwezo anafungua. Ukutani, pale wagonjwa wanaposubiri, kawachoresha wazee wanne walioanzisha huduma za afya kandokando ya ziwa letu. Nafasi ya tano iko wazi. Ni yangu! Mimi Luhende, bwana afya miaka thelathini. Nani aliwachimbisha vyoo hawa watu? Nani alitia dawa visimani mwaka wa kipindupindu? Nikamwendea. Kanipa shikamoo vizuri, kisha akasema wanaowekwa pale ni marehemu tu, na nafasi hiyo anamfikiria Modesta, mkunga wa Sengerema aliyefariki mwaka juzi. Modesta! Kazi yake kukata vitovu! Kanizidi nini, isipokuwa kufa?

Jumanne, 7 Machi
Nimepata dawa. Nitakufa. Kidogo tu, mpaka rangi ikauke. Mke wangu Justa nimemwambia kwamba nakwenda Sengerema kumsalimia mpwa wangu Maige. Zaidi sikusema, Justa hana siri. Nikavuka na kivuko cha Kamanga. Maige aligoma, akasema kifo hakitaniwi. Nikamkumbusha nani alimsomesha. Akaenda posta kutuma tangazo la kifo redioni.

Alhamisi, 9 Machi
Nimetangazwa mchana huu. Aibu! Niliandika “mwanzilishi wa afya kanda ya ziwa”. Wamesoma “mstaafu”. Basi! Tena wa tisa kati ya marehemu kumi na mmoja.

Ijumaa, 10 Machi
Siku mbaya. Sikujua watu watavuka haraka hivyo. Maige akanificha ghalani juu ya magunia ya mahindi, akawaambia waombolezaji mwili bado uko hospitali. Nikachungulia. Justa kafika na kichwa amekwisha kunyoa (nani alimharakisha?), analia mpaka sauti imekauka. Roho iliniuma, kweli. Lakini Daktari Lukman naye alikuwepo, na daftari mkononi! Nikavumilia. Wasifu wa marehemu ulikuwa bado kusomwa, na niliuandika mwenyewe, kurasa nne.

Akasimama mdogo wangu Nestory. Akautazama, akaukunja, akautia mfukoni. Akasema tusidanganye mbele ya Mungu: marehemu alikuwa msaidizi wa bwana afya, mbeba bomba la dawa, na faini ya choo alimtoza hata mama yetu mzazi. Watu wakacheka. Msibani kwangu! Mzee mmoja akadakia kwamba choo cha marehemu mwenyewe hakijapata kuezekwa.

Damu ikanipanda. Nikatoka ghalani, vumbi mwili mzima, nikapaza sauti kwamba nilipandishwa cheo mwaka 1968 na barua ninayo! Wanawake wakatimka hadi migombani. Nestory alianguka na kiti chake. Daktari akafunga daftari, akatafuta ufunguo wa gari. Justa akaja hadi niliposimama, akanizaba kofi.

Jumatano, 15 Machi
Modesta anachorwa. Fundi amempa mashavu ambayo hakuwa nayo hata usichanani.

Justa amerudi kwao Magu. Jana nilimfuata kumwomba radhi. Hakutoka ndani. Nikasimama uani kama mdai, shemeji zangu watatu wakinitazama, mpaka kaka yake mkubwa akaleta jibu: Justa anasema alikwisha kulia, alikwisha kunyoa, mumewe amekufa na hamjui huyu aliyesimama uani. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa! Nilirudi kwa miguu hadi barabarani, machozi yananitoka. Leo nimekula kiporo cha ugali peke yangu. Nyumba kimya. Sijui hata chumvi inawekwa wapi.

Lakini maneno yale yalisemwa mbele ya watu wazima watatu. Nimemwandikia Daktari Lukman barua, naipeleka kesho alfajiri: fundi asimame kwanza, kifo changu sasa kimethibitishwa na mjane mwenyewe.