Mimi na Protini Yangu ya Nadra

Jumatatu, 3 Machi

Majibu yametoka. Mimi si mtu wa kawaida. Nimeshuku hivyo tangu darasa la pili, na leo imethibitishwa kwa mhuri.

Daktari ni binti mdogo lakini ana subira. Alinieleza kwamba ini hutengeneza protini fulani inayosafiri kwenye damu hadi mapafuni. Kazi yake ni ulinzi. Chembe nyeupe zikimaliza kupambana na vijidudu, silaha zao zinaweza kuyatafuna mapafu yenyewe, na protini hii ndiyo inayozizuia. Yangu ina kasoro. Herufi moja ya jeni imebadilika, nimeirithi kwa baba na kwa mama, kwa hiyo protini inajikunja vibaya na kukwama kwenye ini. Nikamtolea macho. Akasema ni kama kiti nilichokiunga vibaya karakanani: miguu imetanuka, hakipiti mlangoni, na mteja anasubiri bure. Hapo nilielewa. Viti vya namna hiyo ninavyo viwili.

Nikauliza tuko wangapi. Akasema ni nadra sana, yeye mwenyewe hajawahi kukutana na mwingine. Kisha aliongea kirefu kuhusu sigara, vumbi la mbao na barakoa. Sikufuatilia vizuri. Nilikuwa nawaza uso wa shemeji.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ni mume wa mdogo wangu wa kike, mwenye mashine ya kusaga unga. Hajawahi kushindwa. Niling'olewa jino, yeye akang'olewa mawili. Nilinunua baiskeli, wiki hiyohiyo akaja na pikipiki.

Nimemwendea asubuhi kwa makusudi kabisa. Aliposikia, aliuliza kama inapatikana duka la dawa. Nikamwambia haiuzwi, mtu huzaliwa nayo. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nioe.

Mdogo wangu alituletea chai huku akikohoa, unga hadi kwenye nyusi. Yeye ndiye husimama kwenye mashine. Aliniuliza kama inauma. Nikamwambia kuwa wa pekee kuna mizigo yake.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna jambo dogo sijaliandika. Daktari alinipa barua ya mdogo wangu. Anatakiwa apimwe, maana kila mtoto wa wazazi wetu alikuwa na angalau nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama mimi.

Nimeifikiria kwa utulivu. Akipimwa akakutwa nayo, protini itakuwa ndani ya nyumba ya shemeji. Atatembea nayo mtaani. Na wawili katika familia moja, unadra uko wapi? Barua nimeiweka mfuko wa shati, karibu na moyo, ambako hakuna atakayeiona.

Kuhusu sigara, nyumbani nimeacha kabisa. Leo nilivuta moja tu stoo ya mbao, barakoa ikiwa chini ya kidevu kama daktari alivyoagiza, au karibu na hivyo. Fundi wa vanishi aliona moshi dirishani, akadhani stoo inaungua, akamwaga ndoo nzima ya maji. Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alianika shati. Barua nayo akaianika, kisha akaisoma. Hakufoka, na hiyo ni dalili mbaya. Aliniuliza kama nilijua kilichoandikwa. Nikasema wino ulikuwa hafifu.

Akaniuliza kama namkumbuka baba.

Namkumbuka. Baba alikohoa hadi akashindwa kusukuma randa, kisha kuvaa viatu. Tulisema ni vumbi la mbao, tukamzika na maelezo hayohayo.

Mchana mdogo wangu alikuja na mumewe. Nilimwona mdogo wangu kupitia mlango akipanda ngazi. Katikati aliinama kufunga kamba za viatu, akakaa hapo muda mrefu. Alikuwa amevaa ndala. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Ningemwambia palepale, lakini mke wangu alikuwa ameshaanza kumwambia wifi yake. Shemeji alisikiliza mdomo wazi.

Jumatatu, 10 Machi

Kutoa damu. Nilikwenda nao ili ifahamike kwamba mimi ndiye wa kwanza. Muuguzi aliniambia fomu haina pa kujaza hilo.

Shemeji akadai apimwe pia. Daktari akamweleza hahusiki, si damu moja. Akakunja shati na kukaa kwenye kiti hadi wakamchoma.

Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu ni kama mimi. Nakala mbili kamili za jeni yenye kasoro.

Shemeji ni wa kawaida. Ameomba warudie.

Daktari alimwambia mdogo wangu kwamba amewahi. Mapafu yake bado mazima kwa kiasi kikubwa, aondoke kwenye unga, aje apimwe pumzi kila mwaka. Kisha akanipulizisha mimi kile chombo chao. Alitazama namba, akanitazama mimi. Akasema pumzi zangu ni za mzee wa miaka sabini na kitu, na zilizokwenda hazirudi. Nina arobaini na sita. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza, nikamwacha aushike.

Mdogo wangu alilia kidogo, akamshukuru wifi yake. Kisha akanishukuru mimi kaka yake kwa kuleta barua, maana mke wangu hakumwambia ilikuwa wapi. Nikamwambia asijali.

Alhamisi, 20 Machi

Hali ni mbaya. Shemeji ameajiri mtu wa kusimama kwenye mashine, na mdogo wangu anapokea wateja nje, kwenye hewa safi. Kila anayekuja na debe lake anaelezwa na shemeji kwamba mkewe ana protini ambayo mimi na wewe hatuna. Mimi hanitaji.

Nimerudi kwa daktari peke yangu. Akanieleza kwa upole kwamba watoto wangu wote lazima wamerithi nakala moja moja. Wengi wa namna hiyo huishi salama wasipovuta sigara, ila waambiwe. Alidhani nitahuzunika. Mimi nilikuwa nahesabu. Ninao watatu. Shemeji anao wawili.

Nikaenda kwenye mashine moja kwa moja. Njiani nilisimama mara tatu kutafuta pumzi. Mara ya tatu niliwasha sigara, nisionekane nimesimama bure. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema mdogo wangu ana mimba ya miezi miwili.

Tatu kwa tatu.

Nimemweleza mke wangu kwamba tunahitaji wa nne, upesi. Ameniuliza kama katika haya yote kuna lolote nililojifunza. Nimemwambia ndiyo, lipo. Tungeanza mapema.