Kituo Namba Tisa

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mashine zote zikiwa zimezimwa kwa heshima, kwamba kuanzia mwezi ujao kiwanda cha milango kitaongozwa na programu ya kompyuta, na kwamba programu haina undugu na mtu.

"Kituo kitakachowaka rangi nyekundu kitafungwa papo hapo," Mkurugenzi alisoma. "Mhusika ataenda nyumbani. Hakuna rufaa." Akaligonga muhuri agizo lake mwenyewe, maana hakuna kilichotoka kiwandani humo bila muhuri wake, iwe barua au mlango.

Macho yote yakamgeukia Mama Gundi. Kazi yake ni kubandika mbao na kuzibana kwenye jiriwa, na gundi haikauki kwa amri. Mkurugenzi alikwisha kumwita adui wa maendeleo, mara mbili, kwenye mikutano.

"Wamenipata, mwanangu," alimnong'oneza Msomi, kijana mhitimu aliyekuwa katibu wa kamati ya kuchagua programu. "Miaka kumi na tisa kazini, halafu nifukuzwe na televisheni."

"Programu itasema kweli, mama," Msomi alijibu, na aliamini hivyo kwa dhati, kama aaminivyo mtu mwenye miezi miwili kazini.

Kamati ilikaa vikao saba. Programu ya kwanza ilikataliwa kwa utovu wa adabu: ilimtaka Mkurugenzi ataje jina lake kabla ya kumfungulia. Ya pili hata mafundi waliielewa, jambo lililoitia kamati wasiwasi mkubwa. Ikapita ya tatu, ambayo haikueleweka na yeyote, ila wekundu wake ulionekana kutoka getini.

Msomi akapewa kazi ya kuingiza vituo kwenye programu. Kwa siku kumi alizunguka na daftari, akiifuata milango kuanzia ubao mpaka lori. Kila mahali mlango uliposimama aliandika, na muda uliosimama, hakumficha mtu wala kumwonea mtu.

Siku ya uzinduzi skrini ikawashwa mbele ya wote. Namba nne, kituo cha Mama Gundi, kikawaka kijani. Namba tisa kikaiva kama pilipili: kila mlango hukaa hapo siku nne.

"Siku nne," Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Watu hawana haya. Kifungwe." Akagonga muhuri. "Nani yuko tisa?"

Mama Gundi akakohoa kidogo, akatazama dari.

"Ni ofisini kwako, mzee," Msomi akasema taratibu. "Milango husubiri muhuri. Zamani ilikuwa mitatu kwa wiki. Siku hizi ni arobaini kwa siku."

Mkurugenzi akalitafakari jambo hilo kitaalamu.

"Agizo lina kasoro za kiufundi," akasema. "Nalifuta."

Naibu wake, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kupinga hata hali ya hewa, akavaa miwani. "Kufuta agizo kunahitaji muhuri, mzee."

"Si huu hapa?"

"Huo ni wa kituo namba tisa," Naibu akasema kwa masikitiko makubwa. "Na kituo namba tisa kimefungwa."