Dijei Zabu na Mashine za Hamburg

Siku Severina alipoteremka kwenye basi la Mtwara, dijei Zabu alikuwa kibarazani kwa fundi redio, stendi ya Masasi, akirudisha utepe wa kaseti kwa kalamu ya Biki. Alinyanyua macho mara moja tu. Akaona viatu vya ngozi visivyo na vumbi, mkoba wenye kufuli mbili, na mwanamke wa miaka arobaini hivi anayeutazama mji wa watu kana kwamba anapiga hesabu aununue au auache. Kalamu ikasimama katikati ya utepe.

"Samahani," mwanamke alimwambia fundi, "nawatafuta madijei wa mji huu."

Fundi hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa.

"Umeshawapata wote, mama," Zabu alisema, ameshasimama, ameshapokea mkoba. "Shikamoo."

"Marahaba. Lakini usinizeeshe, baba. Niite Dada Severina."

Jina la ubatizo la Zabu ni Zabroni, na katika miaka saba ya muziki alikuwa amekula kwa milango mingi. Alianza kwa kurekodia watu kaseti, nyimbo kumi kwa bei ya nane. Akapiga disko toto sikukuu za Idi na Krismasi. Vyama vingi vilipoingia akapata neema ya aina yake: wiki moja alipiga muziki kwenye mikutano ya vyama vitatu, kofia tatu zikiwa ndani ya mfuko mmoja wa rambo, na kila chama kikamshukuru kwa msimamo wake usioyumba. Kisha wanunuzi binafsi wakaja kununua korosho, mifuko ya watu ikanona, kila mwenye mabati ishirini akajenga ukumbi, na vijana wakataka ule muziki mpya wa kompyuta, unaodunda bila mpiga ngoma. Hapo Zabu akajitangaza kuwa ameusomea Hamburg. Hamburg hakuwahi kufika. Aliliona jina hilo kwenye kibandiko cha friji.

Kazi yenyewe aliifanya hivi: mezani aliweka mashine mbili za santuri, masikioni akavaa hedfoni ambayo waya wake uliishia mfuko wa shati, mikono ikacheza juu ya santuri kama ya mganga, na chini ya meza, nyuma ya kitambaa, redio kaseti ikafanya kazi yote. Lakini haki ya mtu apewe: kaseti ile aliitengeneza mwenyewe kwa siku nne, akiunganisha wimbo na wimbo bila hata kikohozi katikati, na toka Masasi hadi Mtwara hapakuwa na mwingine aliyeweza.

Walikaa kwenye hoteli ya chai. Severina akaagiza chapati, akalipa yeye.

"Umejifunzia wapi kazi?" aliuliza.

"Hamburg," Zabu alijibu, kwa mazoea.

"Hamburg!" Severina aliweka kikombe chini. "Basi wewe ni mwenzetu kabisa. Kampuni yangu iko palepale. Ulikaa mtaa gani?"

Chai ya moto ilipita kooni kwa Zabu nzima nzima. "Ule wa... wa kati."

"Ahaa, wa kati. Naujua sana. Una maduka."

"Maduka mengi," Zabu alikubali, na moyoni akamshukuru Mungu kwamba mama huyu hajui lolote. Haikumpitia kichwani kwamba huenda naye anamshukuru Mungu kwa jambo lilelile.

Severina akaeleza. Kampuni yake inatengeneza mashine za muziki wa kompyuta. Inataka madijei wa kusini waanze kuzitumia, ili wengine waone na kutamani. Kwa hiyo inabadilisha: lete chombo chako cha zamani, kinachofanya kazi, upewe vipya viwili. Vya zamani vinapelekwa Ulaya kuwekwa kwenye jumba la makumbusho. Ila kampuni haishughuliki na mtu mmoja mmoja. Inataka chama.

"Chama kipo," Zabu alisema papo hapo. "Umoja wa Madijei wa Masasi na Newala. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Nina bahati kukutana na mwenyekiti siku ya kwanza."

"Bahati ni yako, dada."

Usiku ule Zabu aligeuka kitandani kama chapati. Kwa kuwa alikuwa mtu wa fani, alilipima jambo lile kifani. Matapeli wote aliowajua, akiwemo yeye, huanza kwa kuomba hela: ya fomu, ya nauli, ya mihuri. Huyu hakuomba hata shilingi, na chapati alilipa. Kwa hiyo si tapeli. Kwa hiyo ni tajiri mjinga, na tajiri mjinga ni zawadi ambayo haiji mara mbili. Mpango ukajipanga wenyewe: wenzake angewaambia ni kimoja kwa kimoja. Vipya viwili vingekuja, kimoja angempa mwenye chombo, cha pili kingebaki kwa mwenyekiti, kwa gharama za uongozi. Kulipokucha alikuwa tayari dijei mwenye vyombo vingi kuliko wote kusini mwa Rufiji, kasoro vyombo.

Alianza na Nurdin wa Newala, mtu mkubwa wa mwili na mfupi wa maneno, mwenye amplifaya ya nguvu aliyoinunua kwa msimu mzima wa korosho.

"Baba Zena," Zabu alimwambia, "unatoa ya zamani, unapewa mpya. Hakuna kuongeza."

"Wewe unapata nini?"

"Mimi? Heshima."

Nurdin alimtazama muda mrefu, maana kati ya vitu vyote alivyojua Zabu anavitafuta, heshima haikuwahi kuwamo. Lakini mkewe alishasikia neno mpya, na amplifaya ikatoka ndani.

Kwa Mwalimu Yeremia, kiongozi wa kwaya ya Waanglikana, ilikuwa vigumu zaidi. Kwaya ilikuwa na spika mbili za tarumbeta, zile za bati, zilizonunuliwa kwa michango ya waumini miaka minne. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Zabroni, nilikufundisha darasa la tatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unaiba chaki."

"Nilikuwa naazima, Mwalimu. Sasa nataka kurudisha. Fikiria Pasaka na spika mpya. Mpaka waliokaa milimani watasikia."

Mzee alicheka bila kutaka, na hapo ndipo alipokwisha. Alipomkabidhi zile spika alizifunga kwa kanga ya mkewe zisipate vumbi. Zabu aliona kitu kikimchoma kidogo ubavuni, akadhani ni njaa.

Jumanne mchana Severina alifika uwanja wa mpira wa Masasi na lori. Kila chombo alikikagua, akakigonga, akakisikiliza. Aliandika stakabadhi kwa mwandiko wa kupendeza na kugonga kila moja muhuri wa duara, wa zambarau. Mashine mbili za santuri za Zabu zilipanda mwisho. Ndizo zilizomtoa kwenye kukata kuni hadi kuitwa dijei, na alizishikilia kwenye ubao wa lori mpaka Severina akamgusa mkono.

"Jumamosi, mwenyekiti. Meli imeshafika Mtwara. Mpya, kwenye maboksi." Kisha akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na hivi, vyombo hivi nani anajua kuviunganisha vyote pamoja? Vikakubaliana?"

"Mimi peke yangu," Zabu alisema, kifua mbele. "Mwingine akijaribu ataunguza."

"Nilijua," alisema Severina, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Jumamosi ilikuja kama Jumamosi nyingine zote. Zabu alikuwa amekodi chumba cha kuwekea vile vya pili na kuchora kibao: HAMBURG ELEKTRONIKI. Uwanjani walikuja wenye vyombo, wakaja na ndugu zao, wakaja na wauza karanga. Saa nne, hakuna lori. Saa saba, hakuna lori. Saa tisa Mwalimu Yeremia, kwa kukosa cha kusoma, akatoa stakabadhi yake, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Zabroni, njoo. Macho yangu hayaoni vizuri. Huu muhuri umeandikwa nini?"

Zabu akainama. Wino ulikuwa umetapakaa, lakini herufi za duara zilisomeka kwa mwenye subira: NYAMA IMEKAGULIWA.

Kisha Nurdin, aliyekuwa ndiyo kwanza anateremka kwenye basi la Newala, akauliza kilichotokea, akaambiwa, akakaa chini vumbini.

"Mke wangu aliliona lori Jumanne jioni," alisema taratibu. "Lilikata njia ya Makote, kuelekea mteremko wa Ruvuma. Nikamwambia hajui kusoma njia. Mtwara na Makote wapi na wapi."

Zabu alifungua kinywa. Maneno yalikuwapo, kama siku zote, yamepanga foleni: ajali, forodha, meli. Akamtazama Mwalimu, aliyekuwa anaikunja stakabadhi mara nne, vizuri, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu. Maneno yakageuka yakarudi ndani.

"Kulikuwa na viwili kwa kimoja," alisema. "Niliwaficha. Cha pili nilikitaka mimi."

Nurdin alisimama, na wengi waliona kwamba sasa Zabu atapigwa. Lakini Mwalimu alinyanyua mkono.

"Akivunjwa mguu atafuataje lori?" aliuliza. "Utakwenda wewe, Zabroni. Usirudi bila spika za kwaya."

Akaenda. Newala alilala msikitini kwa hisani ya shemeji wa Nurdin. Akashuka ule mteremko mrefu hadi mtoni, na pale wenye mitumbwi walikumbuka vizuri: mama mmoja mkarimu, masanduku mazito, gari lilimngoja ng'ambo. Zabu akavuka. Vita vya upande ule vilikuwa vimekwisha si zamani, watu walikuwa wanajenga upya, na njia nzima aliulizwa ana nini cha kuuza. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na kitu. Siku tatu alitembea na kudandia malori, akiongea Chimakonde chake cha Masasi ambacho kila mtu alikicheka, mpaka Jumatano mchana akaingia Mueda, viatu vimefumuka vyote viwili.

Ukumbi uliopokea vyombo haukuhitaji kutafutwa. Ulikuwa na rangi mbichi ya bluu, na mlangoni watu wamevalia vizuri, wamekaa kimya, kama wanaosubiri daktari. Ndani, jukwaani, aliona mashine zake mbili za santuri, amplifaya ya Nurdin, na spika za kwaya, bado zimefungwa kanga. Nyaya zilikuwa zimechomekwa kila mahali isipokuwa panapotakiwa.

Mzee mmoja mnene alimkimbilia, mikono wazi. "Wewe ni Zabu?"

Zabu alijiandaa kukimbia. "Ndiye."

"Amefika!" mzee alipiga kelele, na ukumbi mzima ukapiga makofi. "Mimi Selestini, mwenye ukumbi. Mama Severina alisema ungekuja ndani ya wiki moja. Nikamwambia akichelewa je? Akasema, huyo hawezi kuchelewa."

"Yuko wapi?"

"Aliondoka Alhamisi. Pemba, ile ya huku kwetu, nadhani. Au Nampula. Keti, ule."

Zabu hakuketi. Akaeleza yote, toka chapati hadi muhuri wa nyama. Selestini alisikiliza kwa huruma ya kweli, akatingisha kichwa, akasema kwamba pole sana, yeye alilipa, na aliuza ng'ombe kulipa, na vyombo havitoki. Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe wakapatana hivi: spika za kwaya, ambazo kwa muziki wa kompyuta zingelia kama mbuzi, zingerudi Masasi kesho yake, hadi mtoni na lori la chumvi. Amplifaya ya Nurdin na vingine Zabu angevikomboa kwa kupiga muziki pale hadi msimu wa korosho.

Mara Zabu akapanda jukwaani. Redio kaseti ya kuficha haikuwapo, na kaseti zake zilikuwa Masasi. Zilikuwapo santuri nne na hedfoni yake tu, vilivyopakiwa pamoja na mashine. Akachomoa nyaya zote, akaanza upya, akachomeka na waya wa hedfoni, kwa mara ya kwanza, mahali pake. Wimbo wa kwanza ukaingia, wa pili akausogeza kwa kidole, ukateleza, akaukamata, ukakaa. Watu wakasimama. Saa tatu baadaye walikuwa bado wamesimama, na shati la Zabu lilikuwa limelowa kwa jasho la halali, harufu ambayo hakuizoea.

Wakati wa mapumziko Selestini alimletea maji, anang'aa kwa furaha.

"Mzee wangu," Zabu alisema, akijifanya hajali, "yule mama alisemaje kuhusu mimi? Aliniuza kwa kiasi gani?"

Selestini alifikiri, akakuna kidevu. Hakutaka kumdanganya kijana wa watu.

"Vyombo tulipatana bei," alisema. "Tukabishana, nikataka apunguze, akakataa. Ndipo akaniambia, basi, huyu nakuongezea."