Honi, Faini na Gego la Chini Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeonewa. Naandika kwa hasira, si kwa woga.

Mambo yalikuwa hivi. Barabara mbele ya shule yangu ya udereva imechimbwa ili kupitisha mabomba. Hakuna pa kupaki. Ng'ambo kuna jengo la Daktari wa Meno. Ua wake una nafasi nne, zote tupu, na kibao: MAEGESHO YA WAGONJWA WA MENO TU. Nikaingia na gari la shule, lile lenye breki mbili. Mlinzi akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikashika shavu, nikamwambia jino linaniua tangu juzi. Kisha nikavuka barabara kwenda kufundisha alama za barabarani.

Saa moja baadaye narudi na mwanafunzi, mama mmoja muuza vitambaa ambaye ameshika usukani mara mbili tu maishani. Nyuma ya gari kumewekwa makopo mawili ya zege. Mlinzi anasema ameuliza mapokezi, jina langu halimo. Nikamwamuru ayaondoe. Badala yake akalikalia moja, akakunja nne. Basi nikaweka kiganja kwenye honi.

Daktari akashuka, glavu mkono mmoja. Akaniomba kwa upole niache, ana mtu kwenye kiti. Nikamweleza kinagaubaga yeye ni nani na ua wake ni nini. Katikati ya maelezo akainama, akachungulia kinywani mwangu, akasema gego langu la chini kushoto limeoza, nipande juu aliangalie. Mbele ya mwanafunzi wangu! Nikarudi kwenye honi. Robo saa nzima. Ndipo wakapita askari wawili.

Karatasi ya faini inasema: kuleta fujo na kelele mahali pa umma. Nikilipa nimekiri, na jina langu linaingia kwenye kumbukumbu zao. Na Ijumaa ya wiki ijayo kibali changu cha kufundisha udereva kinaisha. Hawanipi kingine bila cheti cha polisi kwamba sina doa. Pasipo kibali, shule inafungwa. Miaka kumi na tisa nakanyaga breki kuwaokoa watu, halafu niangushwe na honi.

Mke wangu alisikiliza yote huku akikunja nguo. Akasema niende nikamwombe daktari radhi. Nikamwuliza yuko upande wa nani. Akasema upande wa kibali.

Gego langu ni zima. Nimelipapasa kwa ulimi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwita Shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, tarishi wa mahakama. Amebeba mafaili ya kesi miaka mingi mpaka sheria imemwingia kupitia kwapani. Anajiita Nusu Wakili.

Ameisoma karatasi mara tatu, akatabasamu. Mahali pa umma, akasema. Je, ua wa daktari ni mahali pa umma? Una ukuta. Una mlinzi. Una kibao. Ule ni ua wa mtu binafsi, na fujo ya mahali pa umma haiwezi kufanyika ndani ya ua wa mtu. Nikamkumbatia.

Tukaenda kupima. Toka lango hadi pale gari lilipokuwa: mita kumi na moja. Mlinzi akataka kujua tunafanya nini. Shemeji akamwambia tunapima mapazia. Mlinzi akatazama ua usio na dirisha hata moja, akasema sawa, akatushikia ncha ya futi kamba. Mjinga yule.

Jioni nimechora ramani kwa rangi nne. Nyekundu ni honi. Nimeipiga muhuri wa shule mara tatu ili iwe na uzito.

Mke wangu alitoka mchana amevaa vizuri. Anasema alikwenda kumwona mtu. Sikumwuliza zaidi, nilikuwa nachonga penseli.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Dawati la malalamiko kituo cha polisi linashikwa na Sajini, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni. Nilimkabidhi barua ya kurasa tano. Akaisoma yote, jambo ambalo hata Shemeji hakufanya. Akaisifu ramani. Akauliza nyekundu ni nini, nikamwambia.

Akasema amekubali. Ua ule ni wa mtu binafsi. Shemeji akanikanyaga mguu kwa furaha.

Halafu Sajini akavaa tena miwani. Akasema kama ni wa mtu binafsi, basi niliingia kwa ruhusa ya mwenyewe au bila ruhusa. Bila ruhusa ni kosa jingine, tena hilo halina karatasi ya faini, hilo linakwenda mahakamani moja kwa moja. Akanipa hadi Jumatatu nilete barua ya daktari kwamba siku ile nilikuwa mgonjwa wake. Nisipoleta, atafungua faili jipya kwa kutumia ramani yangu, kwa sababu imechorwa vizuri sana.

Nikamgeukia Nusu Wakili wangu. Alikuwa tayari mlangoni. Amekumbuka kuna faili la kupeleka mahali.

Jasho lilinitoka mpaka soksi zikalowa. Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasema tena niende kwa daktari. Nikamwambia ndiko niendako, lakini si kwa njia yake ya kitumwa. Nitakwenda kwa akili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango: kujifanya naumwa, kupata kadi ya mgonjwa, kupata barua, kuondoka na meno yangu yote. Nimefanya mazoezi ya kuguna mbele ya kioo tangu asubuhi. Nimechagua jino la juu kulia, ambalo halina tatizo lolote, ili asipate pa kuanzia.

Mapokezi nikaandikiwa kadi ya tarehe sita. Nikamwomba binti wa pale aandike tarehe tatu, kwa kuwa maumivu yalianza siku hiyo. Akanijibu kwamba kadi huandikwa siku aliyokuja mtu, si siku iliyokuja jino.

Nikapanda kwenye kiti. Daktari akaniuliza wapi panauma. Nikaonyesha juu kulia, nikaguna nilivyojizoeza. Akaligonga kwa kile kichuma chake. Kimya. Akasema jino hili litanizika. Kisha, bila kuaga, akagonga gego la chini kushoto.

Sitaandika nilichosema. Mlinzi alikisikia kule chini akapanda kuuliza kama aite askari.

Ikafuata sindano ya ganzi, kisha pamba, kisha vidole vya daktari, vyote kinywani mwangu kwa pamoja. Hapo ndipo mtu yule alipochagua kuzungumza. Akasema ile Jumatatu alikuwa anamchonga jino bibi harusi, na honi ilipolia mkono ulimruka. Kidogo tu amwachie pengo wiki ya harusi yake. Akasema mke wangu ni mtu na nusu, alikuja Jumanne, akamwomba radhi, akaomba namba ya bibi harusi ili amwombe naye. Akasema alijua mimi mwenyewe nitakuja tu. Nikasema aaa, maana yake hapana, sikujia hilo. Akanipiga piga bega, akasema amenisamehe. Nikasema aaa kwa nguvu zaidi. Akasema yaishe, tusirudie ya nyuma.

Gego likatoka. Likawekwa kwenye kibahasha, nikapewa kama zawadi.

Barua nikaiomba kwa kuandika kwenye karatasi, maana mdomo ulikuwa umelala upande. Daktari akaandika palepale, akaifunga kwa gundi, akasema aifungue Sajini peke yake.

Kwa hiyo mke wangu alinizunguka. Nimemkalia kimya mchana kutwa. Anadhani ni ganzi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shavu limevimba. Bahasha ipo mezani inanitazama.

Nimeishika dhidi ya dirisha. Nimeweza kusoma maneno matatu tu: "alipofungua mdomo". Nani alifungua mdomo? Ni mimi. Nilifungua mdomo, nikamwita daktari mbele za watu majina ambayo hayafai hata kwa mbuzi. Ameyaandika yote. Nimekabidhiwa kitanzi changu nikipeleke mwenyewe.

Shemeji anashauri tuipoteze bahasha. Mke wangu akaichukua, akaiweka kwenye mkoba wake, akasema Jumatatu tutakwenda wote wawili.

Usingizi umekuwa wa shida. Nawaza kibali. Nawaza yule mama wa vitambaa, ambaye bado anachanganya klachi na breki. Nani atamkanyagia?

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sajini alifungua barua, akaisoma kwa sauti. Nanakili, maana nimepewa nakala.

"Siku ya Jumatatu tarehe tatu nilimchunguza bwana huyu kinywa katika ua wangu, alipofungua mdomo ili kunitukana. Niliona gego limeoza hadi kwenye mzizi, nikamwalika kwa matibabu saa ileile. Mlinzi wangu ni shahidi. Namhesabu kuwa mgonjwa wangu tangu dakika hiyo. Gego nimeling'oa Alhamisi. Mtu mwenye jino kama lile hawezi kutegemewa kukaa kimya."

Sajini alicheka hadi miwani ikaanguka mapajani. Akaomba kuliona gego. Nilikuwa nalo mfukoni. Akalitazama, akatikisa kichwa kwa huruma, akaichana karatasi ya faini.

Kisha akaacha kucheka. Akasema huruma hii ni ya mara moja. Akiletewa karatasi nyingine yenye jina langu na ua ule kabla mwaka haujapita, atawaandikia watu wa vibali kwa mkono wake mwenyewe. Akaniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Mke wangu akasema hata yeye ameelewa.

Cheti ninacho. Sina doa!

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kibali kipya kiko ukutani, mwaka mmoja. Nimetafakari ushindi huu na nimeona siri yake: msimamo. Sikuomba radhi hata mara moja. Na ramani, bila shaka. Nimemweleza mke wangu hayo ili ajifunze. Aliendelea kukunja nguo.

Mabomba bado hayajaisha. Lakini sasa mimi nina kadi. Kibao kinasema wagonjwa wa meno, hakisemi wa siku gani. Asubuhi nimepaki uani, kichwa juu, nikampungia Mlinzi kadi puani. Akaisoma pande zote mbili. Akasema jino lilishatoka, kwa hiyo mgonjwa amekwisha, aliyebaki ni mimi tu. Akaenda kuchukua makopo yake ya zege.

Nilipiga honi kidogo sana safari hii, dakika tisa hivi. Askari walikuwa walewale wawili. Mmoja alishaanza kuandika jina langu kabla sijalitaja.

Karatasi mpya iko hapa mezani, inafika kwa Sajini Jumatatu. Mke wangu ameisoma. Ameoga, amevaa vizuri, ametoka. Sijui anakwenda kwa nani.

Mimi sina wasiwasi. Dawa yake naijua: jino. Nimeligonga lile la juu kulia kwa kijiko mara sita, limekataa katakata kuuma. Basi nimeweka vijiko vinane vya sukari kwenye chai, naisukutua upande huo. Leo Ijumaa. Nina siku tatu nzima.