Malalamiko Dhidi ya Ubao wa Viwanda Ulioletwa Issuna

Gaspari Sostenes,
Mwenyekiti, Kikundi cha Wakulima wa Alizeti,
Issuna.

Kwa Bi. Faith,
Afisa Maendeleo ya Jamii.

YAH: UBAO WA VIWANDA NA MADHARA YAKE KWANGU

Ndugu Afisa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na changu kinauma. Kwanza nikushukuru kwa kutufikia. Ulipofika uliniamkia vizuri mbele za watu, nikasema moyoni, huyu binti amelelewa. Kwa hiyo naandika bila hasira, ingawa utaona kuna mahali kalamu imetoboa karatasi.

Utakumbuka ulikuja na ubao uliochorwa mashamba, kisima, barabara na nguzo za umeme. Ukasema kabla kikundi hakijaletewa mashine halisi ya kukamua mafuta, tucheze kwanza tujifunze kujenga viwanda. Kila mchezaji achague kadi mbili za kuanzia, kisha avune, abadilishane na wenzake, ajenge. Punje za alizeti ndizo zilikuwa mali yetu. Tulicheza watatu: mimi, mke wangu Anastazia, na jirani yetu Melkiori mwenye ng'ombe. Wanakikundi wengine walitazama, jambo ambalo nalo nalilalamikia. Yaliyonipata ni haya:

1. Mchezo huu unaamuliwa kabla haujaanza. Kama mwenyekiti nilichagua wa kwanza, nikachukua Kiwanda Kikubwa, kile chenye bomba linalotoa moshi, na Gari la Mkurugenzi. Anastazia akachukua Ghala na Barabara ya Vumbi. Nilimwonea huruma, nikawaeleza waliokuwepo kwamba hizo ni kadi za mtu aliyechelewa kufika. Hakuna aliyenionya kuwa kuchagua ndiko kucheza kwenyewe. Ni kweli ulilieleza hilo, lakini wakati huo nilikuwa nasalimiana na wageni.

2. Mavuno ya kwanza yalipoingia, ukafunua kadi ya mvua isiyo ya msimu. Punje zote zilizokuwa nje zikahesabiwa zimeoza, ukazirudisha kwenye mfuko wako. Zilizopona zilikuwa ghalani kwa Anastazia. Kiwanda changu kikabaki kinatoa moshi bila kukamua chochote. Naomba ieleweke kwamba mvua ile haikutangazwa na mtu yeyote.

3. Nilimwendea mke wangu kwa heshima, nikaomba anipatie alizeti kwa masharti ya kifamilia. Niliomba kwa Kinyaturu ili watu wasisikie, nikasahau kwamba watu wote pale ni Wanyaturu. Yeye akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama karani wa benki: "Hapa mimi ni ghala. Mume wangu nimemwacha nyumbani."

Bi. Afisa, nilikuwa nimekaa mbele yake.

4. Melkiori tangu mwanzo alikuwa anatafuna mtaji wake. Nilimwona kwa macho yangu akitema maganda. Kwa haki ya Mungu yeye ndiye aliyestahili kufilisika kabla yangu. Badala yake Anastazia akaingia naye ubia. Alizeti ikatoka ghalani ikaenda kwenye kinu kidogo walichokijenga pembeni ya kisima. Mafuta yakaenda sokoni, mashudu yanayobaki baada ya kukamua yakalisha ng'ombe wa Melkiori, ng'ombe wakavuta mkokoteni, mkokoteni ukapita barabara ya vumbi kurudi ghalani. Kitu kinazaa kitu, na hakuna hata kimoja kinachozaliwa upande wangu. Mimi nilikuwa na gari, lakini kila nikitaka kutoka, barabara ni ya mke wangu na ina ushuru. Mwisho nikatoa kiwanda ili gari lipite. Gari lilipopita halikuwa na pa kwenda.

5. Ubao ulirudi nao ofisini kwako Ikungi, lakini mchezo ulibaki kwangu. Miaka yote alizeti yetu huishia shambani: dalali anakuja na lori, tunapatana, anaondoka nayo. Mwaka huu pia nilikuwa nimempa neno langu. Alipofika, Anastazia alimkaribisha chai, akamuulizia watoto, kisha akamwambia kwamba safari hii tunaiweka kwanza. Lori likaondoka tupu, na mimi nikajifanya natafuta jembe. Sasa magunia yamejaa sebuleni mpaka usawa wa picha ya harusi. Viti viko nje, kuku wameshavizoea. Mimi nakaa juu ya mavuno. Mgeni akibisha hodi naitika, lakini hanioni.

6. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kikundi hiki nilikianzisha mimi. Nilizunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba, nikiandikisha watu waliokuwa wananicheka. Mashine hiyo ni mimi niliyeiombea. Sasa inakaribia kuja, na wanachama wanataka uchaguzi. Wanasema aliyejenga kiwanda bila alizeti asikabidhiwe mashine ya kweli. Hawaniambii usoni. Wananyamaza nikipita, na watu wa hapa kunyamaza hawakujui. Jioni ile ya mchezo nilirudi nyumbani, Anastazia akanitengea ugali na mlenda, hakugusia jambo lile hata kidogo. Angenicheka, ningekuwa na la kusema.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Ubao huo upigwe marufuku katika kata yetu. Itangazwe mkutanoni kwamba kushindwa kwangu kulisababishwa na hali ya hewa. Na mke wangu aelekezwe kwa maandishi, na mtu mwingine asiyekuwa mimi, kwamba sebule si ghala.

Wasalimie wote hapo ofisini, na dereva aliyekuleta, aliyecheka sana kwenye hoja ya nne wakati inatokea. Melkiori anakusalimu. Anastazia anakusalimu zaidi, ila hajui ninachokuandikia.

Ni mimi niliyeshindwa kwa kufuata kanuni zote,
Gaspari Sostenes.

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kupata mtu wa kuifikisha Ikungi, na hapo katikati uchaguzi umefanyika. Melkiori alisimama akapendekeza jina la Anastazia. Akaulizwa sababu, akakwama. Nilivumilia. Lakini alipoanza kueleza habari za ghala kinyumenyume, niliona kikundi changu kitapotoshwa, nikasimama kueleza mwenyewe: kwa nini anayeanza na pa kuhifadhia haangushwi na mvua, kwa nini mashudu ni mali, kwa nini barabara ni bora kuliko gari. Nilieleza vizuri mno. Nilipomaliza mikono yote ilikuwa juu, na mmoja ulikuwa wangu.

Sasa mimi ni Katibu. Mwenyekiti ameniagiza nikuandikie, utujulishe mashine itafika lini na jengo lake liwe na ukubwa gani. Kwa kuwa karatasi iliyopo ni hii, nakuomba hoja ya kwanza hadi ya tano uzisome kama sifa za Mwenyekiti wetu, na ya sita uiache. Yale maombi pia uyaache, isipokuwa hilo la sebule. Mwenyekiti ameisoma barua yote, na amesema hapo nina hoja: tunahitaji ghala.